Fundi Macho na Kelele za Kokoto

Mtaani walimwita Fundi Macho, na si kwamba alitibu macho ya mtu. Alikuwa mchoraji wa sura. Ukitaka uso wako utundikwe sebuleni, au uso wa baba yako aliyetangulia, ulikwenda kwake, ukakaa kwenye stuli karibu na dirisha, naye akakwambia neno moja tu: "Nitazame." Wachoraji wengine huanza na duara la kichwa, au pua, au hata kola ya shati ilimradi mkono upate moto. Yeye alianza na macho. Aliyachora katikati ya ubao mtupu, na hakugusa kitu kingine mpaka yale macho yawe yanamtazama. Ndivyo alivyofundishwa na bwana wake wa kazi, aliyekuwa akisema ukishapata macho umempata mtu, yaliyobaki ni ngozi tu. Watoto wa jirani walikataa katakata kuingia chumba kile, na mimi siwalaumu.

Lakini hayo yalikuwa zamani. Sasa Fundi Macho aliandika herufi. Kinyozi akifungua kibanda, fundi baiskeli akihama kona, shule ikitaka jina lake getini, wote walimwita yeye, naye akaenda na makopo yake na ngazi yake. Akiulizwa kwa nini ameacha sura, alijibu kwamba herufi hazina jamaa. Hakuna shangazi atakayekuja kunung'unika kwamba herufi B haifanani na marehemu. Watu walicheka, naye akacheka nao, kisha akarudi nyumbani kula wali wa jana akiwa amesimama kando ya jiko. Meza ilikuwepo. Kukaa mezani peke yake ndiko kulikomshinda.

Ukweli ni kwamba aliacha sura kwa sababu ya sura moja. Mke wake alikuwa fundi cherehani. Chumba kilikuwa kimoja: yeye na ubao wake upande wa dirisha, mke na cherehani yake ya kukanyaga upande wa mlango, na kutwa nzima mguu wa yule mama ulikuwa haupumziki. Alishona sare za shule, mapazia, magauni ya harusi na viraka vya watu wasiokuwa na harusi yoyote. Kila baada ya muda mumewe alimwambia, "Leo nikuchore." Naye alijibu, pini zikiwa zimebanwa midomoni, "Chora wateja kwanza. Mimi nipo, siendi popote."

Kinyozi hajinyoi. Mwanamke aliugua wiki chache, akaondoka duniani, na mume aliyechora mtaa mzima akabaki bila sura ya mkewe hata moja. Picha za kamera nazo hazikusaidia. Katika kila picha yule mama alikuwa amegeuka, au anacheka na kiganja kimeziba mdomo, au ni kisogo tu kati ya visogo vingine. Ilibaki ile ya kitambulisho, na kwenye kitambulisho kila mtu anafanana na mwizi wa kuku.

Binti yao wa pekee aliolewa mbali. Alipiga simu kila Jumapili mchana, na Jumapili moja alisema, "Baba, mtoto ananiuliza bibi alikuwaje. Nimjibu nini?"

"Mwambie babu anachora."

"Ulisema hivyo mwaka jana."

"Safari hii ni kweli."

"Shule zikifungwa nakuja kuichukua. Lakini Baba, kama imeshindikana niambie tu. Nisimdanganye mtoto."

"Haijashindikana," akasema, akakata simu, akageuka kutazama mbao zilizopangwa zikiwa zimeelekezwa ukutani kama wanafunzi wakorofi. Zilikuwa nyingi. Ungegeuza yoyote ungekuta macho mawili na hakuna kingine. Yalikuwa macho mazuri, yenye uhai, yanayokutazama sawasawa, na hakuna hata jozi moja iliyokuwa ya mke wake. Kwenye ubao mmoja alikuwa mwanamke mpole asiyemjua. Kwenye mwingine, Mungu amsamehe, alikuwa mama mkwe.

Na jambo ambalo hakumwambia mtu, hata binti yake, ni kwamba alikuwa anausahau uso ule. Asubuhi aliamka akautafuta, akapata kilemba, akapata kovu dogo la pasi mkononi, akapata hata harufu ya mafuta ya cherehani. Uso haukuja. Aliogopa kwamba siku binti atakapofika mlangoni, yeye mwenyewe angekuwa hana tena cha kuchora.

Katika siku hizo aliitwa kwenye ghala moja nyuma ya kiwanda cha magodoro. Ghala lilikodiwa na bendi iliyoitwa Kokoto, vijana wanne wa muziki wa roki, na mwenye ghala alitaka mlango uandikwe MAZOEZI, USIINGIE, maana kila siku watu waliingia wakidhani kuna ajali. Fundi Macho hakuwa na habari na roki. Kwake ulikuwa muziki wa watu waliokasirikia magitaa. Aliweka ngazi yake, akapiga mstari kwa chaki, na alipokuwa anamalizia herufi ya tatu wale wa ndani wakaanza.

Mabati yalitetemeka. Gitaa lilipiga ukelele, mwimbaji akakwaruza koo, na Fundi Macho akashika ngazi kwa mikono miwili akasema, "Laa ilaha!" Kisha, chini ya ile fujo yote, akasikia kitu kingine. Mguu. Kuna mtu mle ndani alikuwa anakanyaga ngoma kubwa, duku, duku-duku, duku, bila haraka na bila kuchoka, na kelele zote nyingine zilikuwa zimekaa juu ya mguu ule kama nguo juu ya kamba. Alishuka ngazi, akageuza kopo la rangi, akalikalia. Alikaa hapo mpaka mazoezi yakaisha, brashi ikamkaukia mkononi, na alipokuwa anarudi nyumbani akagundua kwamba anatembea kwa kufuata ule mguu. Kwa nini uso wake ulikuwa umelowa, hilo hakujiuliza.

Kesho yake akarudi, akamalizia herufi zilizobaki. Alimwambia mwenye ghala kwamba bango linahitaji rangi ya pili. Keshokutwa akasema jua la upande ule ni kali, lazima ya tatu. Alipofika na rangi ya nne mlango ulifunguliwa, akatoka msichana mwembamba mwenye taulo shingoni na vijiti vya ngoma mfukoni. Wenzake walimwita Nyundo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, huu mlango si utatushinda kuufungua sasa? Umenenepa kwa rangi."

"Kazi nzuri haitaki haraka."

"Kazi gani, mzee? Unatusikiliza. Tunakuona kwenye upenyo, unapiga mguu." Alicheka, naye mzee akaona haya kama mwali. "Ingia ndani. Huko nje unasikia nusu tu, na hiyo nusu ni ya mpiga gitaa la besi, ambaye hajui kupiga."

Kutoka ndani sauti ya mpiga besi ikapinga vikali, na hivyo ndivyo mwanamume wa miaka sitini na kitu, mwenye mvi na magoti mabovu, alivyoipenda bendi ya roki. Nasema kupenda kwa maana yake hasa. Alijua nyimbo zao kwa mpangilio. Alijua mpiga gitaa akikosea huangalia viatu, na kwamba mwimbaji, ambaye jukwaani alionekana anataka kuuma watu, alikunywa maji ya tangawizi kwanza na kumwita mama yake "dada" kwa kuwa wote wawili walilelewa na bibi. Waliporekodi wimbo, walimwekea kwenye simu. Aliupiga nyumbani, jirani akagonga ukuta, na yeye, ambaye maisha yake yote alikuwa jirani mwema, akaongeza sauti. Binti alipopiga simu Jumapili akauliza, "Baba, kuna ajali huko?"

"Ni roki," akajibu kwa fahari.

"Baba! Umekula lakini?"

Aliyeleta habari ya kuchora alikuwa Nyundo. Mtu wa kiwanda cha magodoro alikuwa amemweleza kwa nini mzee anaitwa Fundi Macho. "Kumbe wewe ni mchoraji kabisa! Tuchore basi. Tuchore wote, tutundike hapa ukutani, tukifa tukumbukwe."

"Niliacha."

"Mtu haachi mkono wake nyumbani, mzee."

Hakupenda kukubali, lakini kuwakatalia hakuweza. Siku iliyofuata alikuja na ubao, akamkalisha Nyundo kwenye kreti ya soda na kumwambia lile neno lake, "Nitazame." Nyundo akamtazama. Fundi Macho akachora macho yake. Yalikuja upesi, laini, yamekaa mahali pake, kisha akashuka puani na mdomoni, akafunga mashavu. Wote wanne wakaja kutazama, wakanyamaza ule unyamavu wa wageni waliokuta chakula kimezidi chumvi.

"Ni… nzuri," akasema mpiga gitaa akitazama viatu.

"Ni shangazi yangu," akasema Nyundo. "Yule wa benki. Usinune, mzee, kila kitu kipo. Ila mimi sipo."

Fundi Macho aliuweka ubao chini. Alijua alichokiona: ilikuwa ni picha ya kitambulisho. Akaanza kukusanya brashi zake, akiomba radhi, akisema ameshawaambia kwamba aliacha. Na vijana, kwa kukosa la kumwambia, wakafanya walilolijua wao. Wakapiga.

Alikuwa amekaa ubavuni mwa ngoma, kwenye kona, na ubao wa pili ulikuwa mapajani. Nyundo hakuwa anamtazama. Hakuwa anamtazama mtu yeyote. Kope zimeshuka nusu, ncha ya mdomo wa chini imeshikwa na meno, bega moja limepanda juu ya jingine, na chini kabisa ule mguu ulikuwa unafanya kazi yake peke yake. Hata mimi sijui kama aliamua. Mkono ulianza wenyewe na kifundo cha mkono wa Nyundo. Ukapanda begani, ukapita shingoni, ukafika kwenye mdomo ule ulioshikwa na meno, na mahali pa macho Fundi Macho akaweka kope mbili zilizoinama, basi. Wimbo ulipokwisha brashi ilimdondoka, na hakuiokota.

Nyundo akaja akifuta jasho. Alitazama ubao kwa muda mrefu. "Ndivyo ninavyokuwa nikipiga?"

"Ndivyo."

"Sijawahi kujiona." Akamgeukia. "Mzee, vipi? Unaumwa?"

"Naomba niende nyumbani," akasema Fundi Macho.

Alikwenda karibu mbio, magoti yakilalamika. Kichwani lilikuwa jambo moja, na halikuwa jambo zuri. Miaka yote ile, katika chumba kimoja, mke wake alikuwa upande wa mlango akitazama kitambaa, na yeye alikuwa upande wa dirisha akitazama nyuso za watu wengine. Alikuwa anatafuta macho ya mwanamke anayemtazama, na mwanamke yule hakuwahi kumtazama namna hiyo, kwa kuwa alikuwa na kazi. Akiambiwa "nitazame" alikuwa anacheka na kuziba mdomo. Uso wake ule wa kila siku, ulioinama, Fundi Macho aliuona kwa pembe ya jicho maelfu ya mara na hakuwahi kudhani kwamba ndio wenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama, husema watu. Wangejua.

Cherehani ilikuwa pale pale mlangoni, imefunikwa shuka tangu msiba. Aliifunua. Chini ya sindano kulikuwa na shati la kijivu, la kwake, mwili umeshonwa na mkono wa kulia umeshonwa, na mkono wa kushoto umepachikwa kwa pini ukisubiri. Hakuligusa. Alivuta stuli ya wateja, akaiweka ubavuni mwa cherehani, mahali ambapo angekaa mtu mwenye nafasi ya kukaa na mke wake. Akaweka simu juu ya meza ya cherehani na kuupiga ule wimbo. Mguu wa Nyundo ukaanza, duku, duku-duku, duku, na sasa ndipo alipojiuliza kwa nini siku ile ya kwanza ulimliza, na jibu likaja papo hapo. Ndiyo sauti iliyokuwa imepotea katika nyumba ile.

Alilia, tena kwa sauti, na wimbo ukamfichia kwa jirani. Kisha akaanza kuchora, na hakuanza na macho. Alianza na mkono wenye kovu la pasi, ukisukuma shati la kijivu chini ya sindano. Akapanda polepole. Alipiga wimbo ule mpaka simu ikaisha chaji, akachora bila wimbo. Siku zilizofuata hakwenda kwenye mabango. Kinyozi mmoja alikaa na nusu ya jina lake mpaka wateja wakalizoea. Shingo ilikuja, na kilemba kilichofungwa ovyo, na mkunjo mdogo kati ya nyusi ambao alikuwa ameusahau kabisa na ambao, ulipotokea ubaoni, ulimfanya aseme kwa sauti, "Aa, kumbe upo." Ikaja midomo, imebana pini. Macho yakaja mwisho, na hayakuwa kitu ila kope zilizoshuka juu ya kazi.

Shule zilifungwa. Binti alifika asubuhi na basi la kwanza, peke yake, mtoto amebaki kwa mama mkwe ana mafua. Alimkumbatia baba yake, akamwambia amekonda, akaingia jikoni kutazama kama kuna chakula, yote hayo akiwa anakwepa kuuliza. Alishajiandaa kumfariji. Yale maneno alikuwa nayo tayari mdomoni, ungeyaona.

"Ipo mlangoni," akasema baba yake. "Umeipita."

Binti akageuka. Ubao ulikuwa umetundikwa juu ya cherehani, kwa usawa wa mtu aliyekaa. Alisogea hatua mbili, na kabla hajafikiri, kwa sauti kali ya mtoto wa miaka saba ambaye siku zote aliishi na hofu moja, akasema, "Mama, toa pini mdomoni, utameza!"

Kisha akakaa sakafuni na mkoba wake.

Fundi Macho alikaa kando yake, na hilo kwa magoti yake halikuwa jambo dogo. Baadaye kidogo binti alisema, "Nilikuwa nimeshaanza kumsahau, Baba. Niliogopa kukwambia." Naye akasema, "Mimi pia." Ilikuwa mara ya kwanza kusema hivyo, na walikuwa wamechelewa miaka kadhaa, lakini ndivyo watu wa nyumba ile walivyo.

Aliondoka kesho yake na ubao, umefungwa kwa blanketi na kamba. Fundi Macho alimsindikiza hadi kituoni. Hakumwambia asiuchukue, kwa kuwa alikuwa ameahidi, na mjukuu alikuwa anasubiri. Alirudi akaingia chumbani, na ukuta juu ya cherehani ulikuwa na msumari tu. Hata jirani hakugonga ukuta siku ile. Angalikwenda ghalani, lakini Kokoto walikuwa safarini, wamealikwa kupiga mji mwingine, na mlango wenye rangi nne ulikuwa umefungwa. Alipasha chai. Aliinywa akiwa amesimama, akajiona, akavuta kiti akakaa mezani. Kisha akachukua ubao mpya na kuuegemeza mbele yake, ingawa hakuugusa bado.

Jumapili mchana simu ililia.

"Tumeutundika," binti akasema. "Mtoto haondoki pale. Amesema bibi ana mikono kama yangu. Baba, anauliza, lile shati anashona la nani?"

Fundi Macho aligeuka kuitazama cherehani. Shati la kijivu lilikuwa chini ya sindano, mahali lilipoachwa.

"La kwangu," akasema. "Mwambie umebaki mkono mmoja."